Mzee, watoto ni wangapi?

Mwaka wa tatu tangu niapishwe kuwa wakili, nilimwandikia wosia mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo nikajiona nimefika. Alikuwa na maghorofa mawili ya kupangisha, bohari Barabara ya Nyerere, nyumba ya kuishi Mbezi Beach, shamba kwao Rombo, na viwanja ambavyo mwenyewe hakuvikumbuka vyote mpaka kijana wake wa dukani amsomee kwenye simu. Alikuja ofisini na mkewe. Nikafungua daftari, nikauliza kama tulivyofundishwa: majina kamili, dini, ndoa ilifungwa wapi, watoto ni wangapi.

"Watano," akasema mama.

Mzee aliguna tu, macho yako dirishani. Nikaandika watano.

Wosia ule ulikuwa mzuri, nasema bila aibu. Kurasa kumi na moja, kila ukurasa una sahihi yake, mashahidi wawili ambao hakuna hata mmoja anayerithi chochote. Hilo nililiangalia sana, kwa sababu shahidi akiachiwa kitu kwenye wosia alioushuhudia, anajikosesha mwenyewe. Mzee alilipa taslimu, kwenye bahasha ya kaki, na ile hela nilinunulia friji. Friji lipo mpaka leo na kila nikilifungua namkumbuka.

Alifariki kabla mwaka wa tatu haujaisha. Siku ya tatu ya msiba, turubai limejaa, akaingia mwanamke wa makamo amevaa kanga na kushika mikono ya vijana wawili. Mkubwa alikuwa na kama miaka kumi na sita. Hakuna aliyeuliza ni nani. Paji la uso lilikuwa lile lile, na hata ile namna ya kusimama huku bega moja limeshuka ilikuwa yake. Nilikuwa nimekaa na akina mama upande wa sufuria, nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja mpaka vyote vikamtazama mjane.

Kesi ilichukua miaka minne. Kodi za maghorofa zilipokelewa na ndugu mmoja ambaye hesabu zake hazikuwahi kukaa sawa. Kiwanja kimoja kiliuzwa kulipa mawakili. Mimi sikuwa wakili wa mtu kwenye kesi hiyo, nilikuwa shahidi, maana wosia niliuandika mimi. Nilipanda kizimbani, wakili wa vijana akasimama. Alikuwa mtu mzima, mpole, anavaa miwani ya kuning'inia shingoni.

"Wakili msomi, ulimuuliza marehemu ana watoto wangapi?"

"Nilimuuliza."

"Akakujibu nini?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba hakunijibu. Aliyejibu ni mkewe. Jaji alikuwa anaandika, akaacha kuandika, akaniangalia. Sijawahi kusikia feni za mahakama zikipiga kelele kama siku ile.

Mwisho walipatana nje ya mahakama, vijana wakapewa nyumba moja na ada za shule mpaka chuo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto asinyimwe kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachostahili, na kila wakili mezani alijua kwamba yale maneno yangeweza kwenda popote. Lakini mapatano yale yangeweza kufanyika ofisini kwangu, mzee akiwa hai, kwa soda mbili.

Tangu hapo nimewashauri watu wengi wenye fedha kuhusu ndoa, talaka, mirathi, watoto. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo katika haya ninayoyaeleza ili asijulikane mtu, ila yote yametokea. Jambo nililojifunza siku ile ya kizimbani ni kwamba tajiri ni mtu ambaye siku nyingi hajaulizwa swali. Dereva wake hamuulizi. Mhasibu anamuuliza asaini wapi. Mpwa anasubiri mtaji, hata kiongozi wa dini naye anasubiri bati za paa. Wote wanasema "ndiyo mzee". Akifika kwa wakili anategemea kumlipa mtu mwingine wa kusema ndiyo mzee, ila huyu awe na muhuri. Na ukiwa kijana, una kodi ya ofisi ya kulipa, utasema ndiyo mzee vizuri sana.

Sasa hivi namuuliza mteja akiwa peke yake. Kama amekuja na mkewe nampokea mama kwa heshima zote, namwagizia chai, kisha namwomba anisubiri chumba cha pili. Wengine wananuna. Nawaambia kwamba na wao zamu yao itafika, bwana atatoka. Nikibaki na mteja nauliza lile swali. Akishajibu naendelea na mengine, viwanja, madeni, hisa, halafu katikati namuuliza kama mtu anayejaza fomu: "Ada unalipa za watoto wangapi?" Na baadaye kidogo: "Kila mwezi kuna mtu unayemtumia hela kwa simu ambaye hayuko kwenye mishahara?" Mzee aliyeniambia ana watoto wanne hujikuta analipa ada za sita. Anacheka, anajifuta jasho, anasema, "Wewe mwanangu, wewe." Hapo ndipo kazi inaanza.

Kuna watu wanadhani kazi ya wakili wa familia za matajiri ni kuficha. Wapo wanaoifanya hivyo, siwezi kuwasemea. Ninachojua ni kwamba kinachofichwa hutoka msibani, na msibani hakuna anayejua kupunguza sauti.

Ugumu mwingine ni kwamba Tanzania mtu hafi chini ya sheria moja. Mteja Mwislamu alikuja anataka wosia ampe mtoto wake wa kwanza nyumba ya Upanga, "huyu ndiye aliyenisaidia dukani". Nikamwambia anavyojua sheikh wake: wosia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wosia bila warithi wenzake kukubali. Mume akiacha watoto, mke ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na wakiwa wake wawili wanagawana hiyo hiyo thumni moja. Mtoto wa kike nusu ya wa kiume. Kama anataka kumpa kijana nyumba, ampe sasa, hiba, yeye mwenyewe akiwa anapumua, na amkabidhi kweli: hati ibadilishwe jina na kodi ziingie kwa kijana. Mzee akafikiri. "Yaani nimpe kabisa?" Kabisa. "Na akinifukuza?" Hakutoa hiba. Akaondoka na nyumba yake, na sijui kama nilimsaidia au nilimtia hofu.

Mkristo asiyeacha wosia anaweza kujikuta kwenye Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, India, na ndiyo, 1865. Ililetwa na Waingereza na bado tunaitumia: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili. Nikimweleza hivyo mteja wa Masaki ananiangalia kama nimemtania. Halafu kuna mila, zilizoandikwa kwenye tangazo la serikali la mwaka 1963, ambazo kwa makabila ya ukoo wa baba mjane hapati fungu lake, anategemea watoto. Mahakama inapoamua ipi itumike, inaangalia marehemu aliishije: alisali wapi, alifunga ndoa gani, aliachana na mila kiasi gani, alionyesha kutaka nini.

Maneno haya ni rahisi kuyaandika. Njoo sasa kwenye kikao cha ukoo Moshi. Marehemu alikuwa Mlutheri, mzee wa usharika hapa Dar, watoto wamesoma shule za kimataifa, Kichaga chao ni cha kusalimia tu. Mjane anasema mume wangu aliishi kama Mkristo wa mjini. Baba mdogo anasimama, anasema kila Desemba alikuja, alichinja, aliweka masale, yale majani ya mila, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alikaa na wazee wenzake, mtu wa namna gani huyo ameacha mila? Na wote wawili wanasema kweli! Marehemu aliishi maisha mawili kwa raha zake na akawaachia wengine kazi ya kuchagua. Nilikaa kwenye kile kikao saa sita juu ya kiti cha plastiki, nikaandika muhtasari, na mpaka tunakula nyama hatukuwa tumekubaliana hata jina la msimamizi wa mirathi.

Pale Chuo Kikuu, Mlimani, tulisoma kesi ya S.M. Otieno, na naamini hakuna mwanasheria wa Afrika Mashariki ambaye haijamkaa. Alikuwa wakili maarufu wa Nairobi. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari mpaka Mei 1987, ukoo ukashinda. Mjane na mashahidi wake walieleza mahakamani aliyokuwa akiyasema marehemu kuhusu maziko yake, ila aliyasema kwa mdomo. Nikiwa mwanafunzi niliona ni kesi ya mila na usasa. Sasa naiona ni kesi ya mtu aliyekuwa na kalamu mfukoni maisha yake yote. Kwa hiyo mteja wangu akishamaliza kugawa maghorofa namuuliza na hili: tukuzike wapi? Wengi hukaa kimya muda mrefu kuliko kwenye swali la watoto.

Talaka za matajiri zina sura yake. Nieleze moja, ambayo mteja wangu alikuwa mume.

Alikuwa na maduka matatu ya vipuri vya magari. Alikuja na faili safi: hati kwa jina lake, leseni kwa jina lake, akaunti kwa jina lake. "Yule alikuwa anakaa tu dukani," akaniambia. "Hajachangia hata shilingi." Nilimweleza kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, na itaelekea kwenye usawa. Nikamweleza shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Nyalali, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mahakama za chini zilikuwa zimemwona yule mama ni mke tu. Mteja akasema anajua, amesikia, lakini yeye ana hati.

Huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Lazima mpite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi, la kata au la dini yenu, na mtoke na hati kwamba wameshindwa kuwapatanisha. Matajiri hawalipendi Baraza. Benchi la mbao, wazee watatu, mwenyekiti anaweza kuwa yule anayeuza mkaa mtaani kwenu, naye anakuuliza kwa nini hulali nyumbani. Nimeona mkurugenzi wa kampuni anatetemeka mikono pale kuliko mbele ya jaji.

Siku yetu mama alikuja na bodaboda mbili. Moja imembeba yeye, nyingine imebeba maboksi mawili ya mafuta ya kula yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Akafungua. Ndani kulikuwa na kauntabuku kumi na tisa. Majalada mekundu na meusi, kona zimeliwa na mende, kurasa zinanuka grisi. Kila siku ya duka tangu walipoanza na kibanda kimoja eneo la Gerezani: mauzo, madeni, mzigo ulioingia, nani kachukua bampa hajalipa. Mwandiko mmoja, wa kulala kushoto. Hakusema kitu. Alimsogezea mwenyekiti kimoja, na kingine akamsogezea mumewe.

Mteja wangu alifunua kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu cha moto. Akafika ukurasa ambao pembeni palikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa haraka. Niliusoma kutoka nilipokaa: "Mama watoto, niko Dubai, kontena limetoka. Mlipe wakala wa bandarini milioni nne na laki mbili, usimwambie kaka." Ulikuwa mwandiko wake. Alikaa na ukurasa ule mpaka mzee mmoja wa Baraza akakohoa.

Kwenye gari nilimwambia apatane. Akaniuliza, "Wewe ni wakili wangu au wake?" Nikamwambia mimi ni wakili wake yeye, si wa mama, ndiyo maana namwambia sasa ndani ya gari, wa mama atamwambia mbele ya hakimu. Alikasirika wiki tatu, hapokei simu. Kisha akatuma ujumbe bila salamu: "Andaa."

Alibaki na maduka mawili, mama akachukua moja na nyumba. Mama hakuja kunisalimia na sikutegemea. Bwana bado ananiletea wateja, na akiwaleta huwaambia huyu atawaudhi.

Nisiache nusu ya hadithi ya Bi Hawa, maana wengi wanaitaja kama ushindi mtupu. Yule mama mwenyewe hakuongezewa kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, mahakama ikaona alizitapanya, ikahesabu kwamba fungu lake ameshalichukua. Nawaambia hivyo wateja wangu wa kike, hasa wale wanaodhani kauli ya Nyalali ni hundi. Mchango unathibitishwa. Weka risiti, weka kauntabuku, hata ya deni la bampa.

Mwingine alikuja anataka mkopo mkubwa, dhamana ni nyumba wanayoishi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Benki inataka kiapo cha mke, kishuhudiwe na wakili. Akaja na mwanamke nadhifu, kucha ndefu, kitambulisho mkononi, jina la kwanza linafanana. Nilikuwa nimeshatoa muhuri kwenye droo. Yule dada akainama juu ya karatasi, akauliza, "Bosi, nisaini wapi?"

Nikarudisha muhuri kwenye droo.

Hakuna aliyebishana. Bwana alicheka kidogo, akasema wanawake wa siku hizi wana utani. Akasema nimsubiri kesho. Hakuja kesho wala keshokutwa. Miaka miwili baadaye nilikutana na mke halisi, mwembamba, ana sauti ya chini, kwenye korido ya mahakama, nyumba imetangazwa mnada. Kiapo alichoonyesha kilikuwa na muhuri wa mwenzangu ninayemfahamu. Nyumba waliiokoa, nasikia, ila kwa kupita njia ndefu.

Wapo wanaoandika kila kitu kwa jina la kampuni. Huu ndio ushauri unaotembea kwenye baa za Mikocheni: kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, kwa hiyo nyumba ya kampuni si mali ya ndoa, mke ataambulia kugombania hisa. Kisheria hawajakosea sana. Lakini kampuni kwa kawaida inataka mtu zaidi ya mmoja kwenye makaratasi, na mteja mmoja, kwa kumwogopa mke, alimwandika mdogo wake mkurugenzi na kumpa hisa arobaini kwa mia. Ndoa haikuvunjika. Kilichovunjika ni undugu, na sasa yuko mahakamani kugombania nyumba anayolala. Mkewe anampelekea chakula kwenye hotpoti siku za kesi.

Wanawake wenye mali nao wapo, na wanaongezeka. Mama mmoja mwenye hoteli Arusha, mjane, alitaka kuolewa tena na bwana aliyempita umri kwa miaka kama kumi na mbili. Sheria yetu inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, labda mkubaliane vingine, kwa hiyo mkataba kabla ya ndoa unaandikika. Kuuandika ilikuwa siku moja. Kumwonyesha mchumba ilikuwa miezi miwili, kwa sababu mama aliona aibu, akanituma mimi. Bwana alisoma kurasa zote taratibu, akageuza ya mwisho, akauliza, "Na gari?" Nikamjibu gari halikutajwa. Akasaini. Wakaoana, nilicheza harusini. Gari anaendesha yeye.

Nigusie ada, maana vijana wanaoniandikia wakitaka kuingia eneo hili wanadhani tajiri analipa. Tajiri anabembeleza. Mama lishe atakuletea elfu hamsini yako kwenye kitambaa siku mliyokubaliana, na mwenye meli atakuambia mhasibu amesafiri. Chukua nusu kabla hujafungua faili.

Tangu 2021 mashauri ya ndoa na mirathi ya Dar yana kituo chake jumuishi, Temeke. Napapenda kwa sababu moja ambayo si ya kisheria. Mtu wa Oysterbay anakaa benchi lile lile na mama wa Tandika anayedai matunzo ya mtoto, wanasubiri jina liitwe kwa kipaza sauti kile kile. Mteja mmoja aliniuliza pale mlangoni, kwa sauti ya chini, chumba cha watu maalumu kiko wapi. Nikamwonyesha benchi. Baada ya dakika kumi alikuwa anamsaidia jirani yake kusoma wito, akifuata mistari kwa kidole.

Wiki iliyopita alikuja mzee wa miaka themanini na moja, fimbo ya mpingo, kofia ya kiua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mara tatu. Watoto wake wawili walikuwa wamemleta, kijana na binti, wote wana simu za mikunjo, wameshaniandalia orodha ya mali kwenye karatasi iliyochapwa. Nikawaomba wakanywe chai chumba cha pili. Binti akasema baba hasikii vizuri, ni vyema abaki. Nikamwambia nitapaza sauti.

Mlango ulipofungwa nikafungua daftari. Nikauliza jina, akalisema lote mpaka la babu wa babu. Nikauliza dini na ndoa. Kisha nikauliza.

"Mzee, watoto ni wangapi?"

Alisikia vizuri kabisa. Aliegemeza fimbo kwenye meza, akavua kofia, akaiweka juu ya ile orodha iliyochapwa.

"Unaniuliza wanaojulikana," akasema, "au wote?"

"Wote, mzee."

Akaangalia mlango. Akaniambia nimwambie na dereva, naye akanywe chai. Nilipotoka nikarudi, alikuwa ameshakunja kidole kimoja, ananisubiri.

"Wa kwanza," akasema, "alizaliwa Tanga."